Kuchoma fichie ya ISO kwenye DVD: kosa linatoka wapi?

DVD-R iliyoharibika wakati wa kuchomwa haitengenezwi tena. Mwenye kuichoma amepoteza disiki, amepoteza saa moja ya kurani, na kama fichie ilipakuliwa kwa mega za kununua, pengine atalipa mara ya pili. Ndiyo maana katika sekretariati pabliki na kwa mafundi wanaoweka programu, toka Bunia mpaka Uvira, swali ni lile lile: juu ya nini ordinateri inasema kazi imekwisha vizuri, na kisha DVD haifunguki?

Mara nyingi jibu halipatikani kwenye DVD ya pili. Mtu anachukua disiki nyingine, anarudia vile vile alivyofanya mara ya kwanza, na mpaka jioni disiki tano ziko kwenye takataka. Afadhali kusimama kwanza na kutafuta: ni fichie yenyewe, ni namna ilivyochomwa, ni disiki, ao ni mashini na kurani yake? Kila moja iko na alama zake.

ISO si dosie

Kuchoma, ao kugrava kama wengi wanavyosema kwa kufuata Kifaransa, ni kazi ya lezeri. Inapasha moto rangi iliyo ndani ya disiki na kuacha alama ndogo sana ambazo lekteri itazisoma kisha. Fichie ya ISO si dosie, si filamu, wala si arshive. Ni picha ya disiki nzima, sekta kwa sekta kuanzia ya kwanza, na kila sekta iko na okte 2 048. Jina lake limetoka kwa ISO 9660, kanuni ya mwaka 1988 inayoeleza namna fichie zinavyopangwa kwenye CD.

Ile sehemu ndogo inayowezesha ordinateri kuwaka kwa kutumia disiki iko ndani ya picha hiyo, mahali pake. Mtu akitoa fichie zote ndani ya ISO na kuziweka kwenye DVD moja moja, majina yote yataonekana pale, lakini sehemu ya kuwashia itakosekana. Disiki kama hiyo inafunguka vizuri ndani ya Windows. Kuwasha mashini iliyokufa, haiwezi.

Kosa linaloonekana kupita yote

DVD imechomwa bila ujumbe wowote wa kosa. Mwenyewe anaifungua, na ndani anakuta fichie moja tu: ile ile ya .iso. Hapo hakuna ugonjwa wa disiki wala wa lezeri. Fichie iliwekwa kwenye DVD kama vile wimbo ao barua inavyowekwa, wakati ilipaswa kuchomwa kama picha. Disiki iliyochomwa vizuri inaonyesha dosie na fichie nyingi. Ile ya kuweka Windows, kwa mfano, iko na dosie boot na sources pamoja na fichie setup.exe.

Toka Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, programu ya kuchoma picha iko tayari ndani ya ordinateri. Inatosha kubonyeza ISO kwa kitufe cha kuume cha suri na kuchagua mstari unaoanza na neno Graver. Windows XP na Vista hazina mstari huo. Zinahitaji programu ya pembeni, kama ImgBurn ao Nero, na ndani yake kuchagua kazi ya kuchoma picha, si ile ya kutengeneza disiki ya data. Wenye ImgBurn waangalie vizuri wakati wa kuiweka, kwani fichie ya kuiwekea inaweza kubeba programu nyingine ambazo hakuna aliyeziomba. Kwenye Linux kuna K3b, Brasero na Xfburn, zote za bure.

Halafu kuna mtego wa WinRAR. Ikishawekwa kwenye mashini, inaweza kujichukulia fichie zote za .iso. Alama ya fichie inageuka vitabu vilivyofungwa mkanda, na mstari wa Graver unapotea. Watu wanafikiri wamepewa arshive, wanaifungua, wanachoma dosie inayotoka, na wanarudi kwenye kosa lililoelezwa juu. Fichie haina shida yoyote. Kwa kitufe cha kuume, kisha Ouvrir avec, mtu anachagua programu ya Windows ya kuchoma picha za disiki, na kila kitu kinarudi mahali pake.

Si kila picha inaishia na .iso. Ile ya .nrg ni ya Nero. Ile ya .bin inatembea pamoja na fichie ndogo ya .cue, ambayo ni maandishi matupu yanayotaja jina la .bin, yeyote anayebadilisha jina la moja bila kurekebisha nyingine ataambiwa fichie haipatikani, hata kama ziko dosie moja.

Fichie iliyokatika njiani

Hapa ndipo mega zinapopotea, na hapa ndipo inafaa kutumia dakika kumi kabla ya kugusa disiki. Reso inakatika usiku, inarudi, inakatika tena. Asubuhi fichie iko pale na jina lake kamili, lakini kipande kinakosekana, ao okte fulani zimegeuka.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha ukubwa. Kwa kitufe cha kuume na Propriétés, Windows inaonyesha hesabu kamili ya okte, na hesabu hiyo inapaswa kuwa sawa na ile iliyoandikwa mahali fichie ilipopakuliwa. Kama haikuandikwa, kuna jaribio la haraka: kwa kuwa ISO imetengenezwa kwa sekta za okte 2 048, ukubwa wake unapaswa kugawanyika kwa 2 048 bila baki. Kama kuna baki, karibu hakika fichie imekatika.

Lakini ukubwa peke yake hautoshi, kwani fichie inaweza kuwa na urefu wake wote na bado iwe mbovu ndani. Watengenezaji wa Linux karibu wote wanatoa pamoja na ISO mstari wa herufi na tarakimu 64 unaoitwa SHA256. Ni hesabu inayopigwa juu ya fichie yote; okte moja tu ikigeuka kati ya Go nne, mstari wote unabadilika. Kwenye Windows mtu anafungua Invite de commandes na kuandika certutil -hashfile, kisha mahali fichie iko na jina lake, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la fichie. Mashini ya zamani itachukua dakika kadhaa. Kama mistari miwili hailingani, hakuna haja ya kuweka disiki ndani.

Sababu ni hii: graveri haijui maana ya kile inachochoma. Ikipewa fichie mbovu, itauchoma ubovu huo kwa uaminifu. Hata ukaguzi wa mwisho utasema kila kitu kiko sawa, kwani unalinganisha disiki na fichie ile ile mbovu.

Je, mwenye fichie ya Go 3 iliyoharibika anunue mega zingine za Go 3? Si lazima. Linux nyingi, Ubuntu na Debian kati yake, zinatolewa pia kwa njia ya torrent. Programu ya torrent inagawanya fichie kwa vipande vidogo na kukagua kila kimoja. Mtu anaweza kuchukua fichie ndogo ya .torrent ya ISO ile ile, toleo lile lile, kuweka ISO yake mbovu ndani ya dosie ya kupakulia kwa jina lile lile, kisha kuamuru programu ikague upya. Inatambua vipande vizima, na kupakua vile vibovu peke yake. Mara nyingi ni mega chache tu. Njia hii haijulikani sana, na kwa watu wanaonunua intaneti kwa kipimo ingefaa kujulikana kupita zingine zote katika makala hii.

Kuna pia kosa la flashi. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali fichie moja inayopita okte 4 294 967 295. ISO kubwa kuliko hapo inakataliwa hata kama flashi iko na Go 30 za bure, na ujumbe unasema fichie ni kubwa mno. Flashi ipangwe upya kwa exFAT ao NTFS, kisha kuondoa kwanza vitu vyote vilivyomo, kwani kupanga upya kunafuta. Na ile tabia ya kuchomoa flashi mara tu mstari wa kijani unapojaa inaleta fichie mbovu nyingi. Kunakili kunaweza kuwa bado kunaendelea.

Go 4,7 ambayo si Go 4,7

Kwenye kasha la DVD imeandikwa 4,7 Go. Windows inaionyesha na nafasi ya Go 4,38 hivi. Hakuna aliyeiba kitu. Kiwanda kinahesabu Go moja kuwa okte milioni elfu moja, wakati Windows inaihesabu kuwa okte 1 073 741 824. DVD+R ya kawaida iko na okte 4 700 372 992. DVD-R inazidi kidogo. Kwa hiyo ISO ambayo Windows inaionyesha kuwa Go 4,5 haiingii, hata kama 4,5 ni ndogo kuliko 4,7. Programu itasema hakuna nafasi ya kutosha, ao itaomba disiki nyingine.

Zamani shida hii ilikuwa ndogo. ISO ya Windows 7 ya biti 64 iliingia bila shida. Matoleo ya mwisho ya Windows 10 yanapita DVD ya kawaida, na Ubuntu 24.04 vilevile inapita Go 5. Kuna DVD za tabaka mbili, zenye alama DL, zinazobeba Go 8,5 za kiwanda, ni kusema karibu Go 7,96 za Windows. Ni za bei kubwa kuliko za kawaida, na graveri za zamani zinazisumbukia. Kwa picha kubwa namna hiyo, flashi ya kuwashia iliyotengenezwa na Rufus ao Ventoy ni njia fupi zaidi, isipokuwa kwa zile mashini za zamani kabisa ambazo haziwezi kuwaka kwa flashi. Kwa mashini hizo, afadhali kutafuta Linux nyepesi inayoingia kwenye DVD moja, ao hata kwenye CD ya Mo 700.

Disiki, lezeri na mwendo

Kosa likitokea mwanzoni kabisa, kabla hata ya asilimia moja, na programu ikizungumzia kalibraji ya nguvu, kwa ImgBurn maneno ni "Power Calibration Area Error", maana yake ni kwamba lezeri imejaribu nguvu yake kwenye sehemu ndogo ya katikati ya disiki na haikupata kipimo kinachofaa. Ao disiki ni mbaya, ao lensi iko chafu, ao lezeri imechoka. Namna ya kutofautisha ni rahisi: kuweka disiki ya kiwanda kingine kwenye mashini ile ile, kisha kuchukua disiki ya aina ile iliyokataa na kuijaribu kwenye mashini nyingine. Majaribio hayo mawili yanasema mengi kuliko kurudia mara kumi.

Hoja ya "lekteri ni nzima, inasoma CD vizuri" haisaidii. CD inasomwa kwa lezeri ya nanometa 780, DVD kwa ile ya 650. Moja inaweza kufa na nyingine kubaki. Tena, kuchoma kunaomba nguvu nyingi kuliko kusoma. Kwa hiyo iko graveri inayosoma DVD zote na haichomi hata moja.

Lensi inachafuka kwa vumbi, na vumbi si kitu kinachokosekana: lile jeusi la mawe ya volkano kule Goma, ama lile jekundu la barabara wakati wa kiangazi. Disiki inafutwa kwa kitambaa laini na kikavu, toka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Marashi na petroli hapana.

Jina lililo kwenye kasha si kila mara jina la kiwanda kilichotengeneza disiki. Kila DVD ya kuchomwa inabeba ndani yake msimbo wa mtengenezaji, na ImgBurn inauonyesha upande wa kuume wa dirisha lake mara disiki inapowekwa. Kabla ya kununua bobini ya disiki 50, fundi mwenye busara ananunua mbili na kuzichoma. Aina nayo ihesabiwe: graveri za zamani zingine zinakubali DVD-R na kukataa DVD+R, ao kinyume. Kwa majaribio, DVD-RW ao DVD+RW moja inafaa kuliko rundo la DVD-R, kwani inaweza kufutwa na kuchomwa tena karibu mara 1 000.

Makosa yanayotokea mwishoni, asilimia 90 na kuendelea, ni habari nyingine. Kuchoma kunaanza katikati na kwenda ukingoni, na kwenye mwendo mkubwa ukingo ndio unaochomwa kwa haraka kupita kote. Disiki za bei rahisi zinakosea hapo. Filamu inaenda vizuri saa nzima, kisha inakwama karibu na mwisho. Dawa ni kupunguza mwendo kabla ya kuanza: 4x inamaliza DVD iliyojaa kwa karibu robo saa, na wakati huo wa ziada si hasara. Kushuka chini zaidi ya hapo hakuleti faida kila mara, kwani disiki iliyotengenezwa kwa 16x haikupangwa kwa mwendo wa konokono.

Kurani ikitetemeka

Kurani ikikatika katikati ya kazi, DVD-R imekufa. Hakuna programu inayoweza kuendelea pale ilipoachia. Kwa hiyo laptopu yenye batri nzima ni bora kuliko ordinateri kubwa iliyounganishwa na grupu, hata kama ile kubwa iko na nguvu zaidi. Mwenye ordinateri kubwa aweke onduleri katikati, na batri yake ipimwe, kwani onduleri nyingi zinazoonekana kuwa hai hazishiki hata dakika mbili.

Graveri za nje zinazounganishwa kwa USB ziko na shida yao. Mlango wa USB 2.0 unatoa miliampe 500, na graveri nyingine inaomba zaidi wakati lezeri inapoanza kuchoma. Inawaka, inasoma, kisha inapotea ghafula mwanzoni mwa kazi, na Windows inalia kama vile imechomolewa. Watu wanasema graveri imekufa, kumbe inasikia njaa. Kamba yenye vichwa viwili, inayokula kwenye milango miwili ya USB, mara nyingi inatosha. Kamba ndefu ya kuongezea iondolewe.

Tena, ISO inakiliwe kwanza kwenye disiki kubwa ya ordinateri. Kuchoma moja kwa moja toka flashi ni kuomba data ikawie. Zamani data ikikawia disiki iliharibika pale pale. Mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilileta ufundi wa kusimamisha lezeri na kuiendeleza, na graveri za DVD zinao ao zinao unaofanana nao, lakini kusimama mara nyingi kunaacha disiki isiyo safi. Ufunguaji wa filamu na muziki wakati huo usubiri.

Imechomwa vizuri, na bado haiwaki

Programu nyingi zilizotajwa zinaweza kukagua disiki kisha kuchoma. Kisanduku hicho kiwekwe alama kila mara, hata kama kinaongeza dakika kumi. Ukaguzi ukipita na SHA256 ya fichie ilikuwa sawa, basi DVD haina kosa, na kutafuta kuhamie kwenye mashini inayoisoma. Je, imeamriwa kuanza na DVD mbele ya disiki yake kubwa? Je, ni mashini ya biti 32 inayopewa programu ya biti 64? Je, lekteri yake inasoma DVD nyingine yoyote iliyochomwa nyumbani, ama inasoma zile za kiwanda tu?

Kwa lekteri ya DVD ya sebuleni maswali ni tofauti. Arusi iliyochukuliwa kwa simu na kuwekwa kama fichie ya MP4 itaonekana kwenye ordinateri na kukataliwa na lekteri nyingi za zamani, kwani hizo zinatafuta dosie inayoitwa VIDEO_TS. Video inapaswa kugeuzwa kwanza kuwa DVD ya video, kisha disiki ifungwe kabisa, kazi ambayo programu za Kifaransa zinaita finaliser. Disiki iliyoachwa wazi ili kuongeza vitu kesho inasomwa na ordinateri iliyoichoma, na pengine na hiyo peke yake.

Ndiyo maana fichie ya arusi, ya kilio ao ya mkutano isifutwe siku ile ile DVD inapotoka. Disiki ijaribiwe kwanza kwenye mashini ya pili, mpaka dakika ya mwisho ya filamu, pale ukingoni. Kisha iandikwe kwa kalamu laini ya wino wa maji, bila karatasi ya kubandika, inayoifanya itikisike ikizunguka, na iwekwe mbali na jua la dirishani, kwani rangi iliyochomwa na lezeri inaharibiwa pia na mwanga.